Ndoo ya Mwalimu Jiao

Mwalimu Jiao Shuangxi hakuwa na dogo. Ukikosea hatua, ulirudi mwanzo. Ukilia, ulirudi mwanzo huku unalia. Kijiji chetu, nje kidogo ya Cangzhou, kina walimu wa mapigano wengi kuliko wauza chumvi, lakini teke la kipepeo lilikuwa mali ya ukoo wake. Unazungusha kiwiliwili chini chini, miguu inafuata juu mmoja baada ya mwingine, na kufumba na kufumbua umelala hewani kifudifudi, kisha unatua kwa mguu mmoja. Nilijifunza kwake miaka minane na sikuwahi kutua bila kuyumba. Binti yake, Cuiping, alitua kama mtu anayeshuka kitandani.

Kila mwaka, siku ya sherehe ya taa, shule yetu ilicheza mbele ya kijiji kizima kwenye uwanja wa kupuria ngano. Na kila mwaka, asubuhi yake, Mwalimu alinyunyiza maji uwanjani kwa mkono wake ili vumbi litulie. Hakumwachia mtu ndoo hiyo. Kwake, kucheza kwenye vumbi kulikuwa sawa na kumkaribisha mgeni kwenye meza chafu. Jua la mchana lilikuwa likikausha palipobaki na unyevu.

Mwaka ule jua halikutoka. Cuiping alikuwa na miaka kumi na tisa, na kocha wa timu ya mkoa alikuwa amekuja kumtazama yeye tu. Baridi ilikuwa kali hata kabichi za uani zikaganda. Nilimwona Mwalimu akipita na ndoo yake, nikajisemea, huyu ni mwalimu, anajua anachofanya. Sikufungua mdomo, na jambo hilo linanitafuna mpaka leo.

Cuiping alisimama mbele ya kiti cha baba yake, akatoa salamu, ngumi ndani ya kiganja. Akainamisha kichwa kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Kisha akakimbia hatua tatu. Mguu wa kuondokea ukateleza mwili ukiwa umeshaanza kuzunguka, akaangukia goti. Sisi tuliokaa mbele tulisikia mlio wa goti hilo. Watu wakasema msichana amebabaika kwa sababu ya kocha. Mwalimu aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake, akanyamaza.

Cuiping hakuruka tena. Alifungua kibanda cha maandazi ya mvuke sokoni, akawa anachechemea humo kutwa nzima, na posa zilizokuwa zikija zikakoma. Mimi nikamwandama mzee.

"Mwalimu, mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mtoto. Nilikuona na ndoo."

Akatazama kando. "Mwaka Mpya ukipita."

Mwaka Mpya ulipita mara ishirini na sita. Nilipomkumbusha, alisema nina ulimi kama msumeno. Lakini ndoo aliiweka darini, na kila sherehe alipiga magoti uwanjani akipapasa ardhi kwa kiganja, hatua kwa hatua, vijana wakimcheka kwamba mzee ameangusha jino. Nilimhurumia, na nilimkasirikia zaidi. Kupapasa udongo hakukuwa kusema.

Kisha akili yake ikaanza kumtoka. Aliniita kwa jina la mama yangu. Alimwuliza Cuiping mbona hafanyi mazoezi.

Mwaka huu, asubuhi ya sherehe, nilikuta kibanda kimefungwa na Cuiping amesimama njiani.

"Dada Guiqin, baba hayupo ndani."

Tulimkuta uwanjani. Koti wazi, mkono umelowa mpaka kiwiko, na ile ndoo ya zamani pembeni yake. Ananyunyiza taratibu, bila kuruka mahali. Nyuma yake ardhi ilikuwa tayari inang'aa.

Cuiping hakumkaripia. Alimfunga vifungo vya koti, akamketisha kwenye jiwe la kupuria, akaniomba nilete jivu la majiko la kuzuia utelezi. Tukaanza kumwaga jivu sisi wawili, na hapo nikashindwa kuvumilia.

"Cuiping, mwaka ule..."

"Najua, dada."

"Unajua nini?"

"Niliiona barafu wakati natoa salamu. Ilikuwa chini ya viatu vyangu."

Jivu lilinimwagikia miguuni. "Sasa uliruka kwa nini?"

"Ningesimama, kijiji kizima kingetazama chini. Na yeye yuko pale kwenye kiti. Nikasema, nitaweza." Alichota jivu jingine. "Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe, neno moja tu. Ningemwambia yamekwisha. Kila Mwaka Mpya nilipika nikangoja."

Wote wawili walikuwa wamekaa meza moja miaka yote hiyo, kila mmoja akimtunzia mwenziwe heshima, na mimi katikati nikipiga kelele kwa mtu mmoja tu.

Mzee aliinuka, akaja akamshika binti yake mkono.

"Umeshajifunga vitambaa vya miguu? Kocha anakuja leo."

"Bado, baba."

"Ruka bila wasiwasi," akasema. "Uwanja nimeutengeneza mimi mwenyewe."

Cuiping alimtazama. Nikadhani sasa atamwambia.

"Nimeona, baba," akasema. "Ahsante."

Akainama, akaendelea kumwaga jivu.