Kituo Kimoja na Bibi

Jana jirani aliniletea ndizi mbivu zilizofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Nilipozifungua, harufu yake ilinirudisha utotoni, ndani ya behewa la treni, stesheni ya Arusha.

Likizo ilikuwa imekwisha, mama na mimi tunarudi nyumbani Tanga. Bibi, mzaa mama, alikuwa ameteremka nasi kutoka shambani kwake Meru kutusindikiza. Aliingia behewani kutupangia mizigo chini ya kiti, pamoja na ndizi zake alizozifunga kwa majani kama hayo, huku mama akiwa dirishani anaagana na mjomba. Bibi hakuwa anasikia vizuri. Filimbi ilipolia niliisikia, nikanyamaza.

Treni ikaondoka. Bibi akashikilia kiti, akanitazama.

“Wewe, hukusikia filimbi?”

“Nilisikia, bibi.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilitaka twende wote.”

Mama alianza kunigombeza, lakini bibi akamnyamazisha kwa mkono. Aliketi, akanipakata, ingawa miguu yangu ilikuwa tayari inagusa sakafu. Kanga yake ilinukia moshi wa kuni. Alinipapasa kichwa, nami nikaomba kimoyomoyo kituo kinachofuata, ambako angeshuka, kisifike.

Kilifika. Mama alimshika bibi mkono, naye bibi akashuka taratibu, akasimama peke yake kwenye kokoto.

“Likizo nyingine uje mapema,” aliniambia.

“Nitakuja, bibi.”

Alitupungia mpaka reli ikapinda. Nikakimbilia dirisha la upande wa pili nimwone tena, lakini huko kulikuwa na mahindi tu.