Samaki Aliyeishi kwa Chumvi

Nikipaka samaki chumvi ya kumkausha, nakumbuka yule samaki mdogo aliyetolewa bahari ya Mombasa. Nikiwa mtoto, mama yangu alikuwa anafulia tajiri mmoja hapa Kisumu, na akifua ananifungia kwa chumba yenye tangi ya kioo. Huyo samaki alikuwa ndani yake, amechimba shimo kwa mchanga, anatoa kichwa tu.

“Mama, maji yake iko na chumvi,” nikaita kwa dirisha.

“Nyathina, mtoto wangu, wacha kuonja vitu ya watu.”

Na kwetu ziwani samaki anaona chumvi akishakufa. Nikamhurumia, nikamweka kwa kikombe yangu ya bati, yenye maji ya kunywa. Akachimba, akachimba ile bati, halafu akalala upande. Nikamrudisha mbio. Akaingia shimo yake. Nikakaa nikingoja atoe kichwa. Yeye, nadhani, alikuwa anangoja mimi nitoke, na mlango imefungwa.