Mvuje wa Mutua

Mutua Kilonzo aliendesha foklifti kule bandarini Kipevu miaka kumi na tisa, na muda wote huo hakuwahi kufikiria habari ya kupika. Kisha siku moja fundi wao wa mitambo, Hasmukh, akampa vijiko viwili vya dengu kutoka kwenye chakula chake cha mchana. Jioni hiyo Mutua alirudi kwake Frere Town akamsimulia mkewe kama mtu aliyeona malaika.

"Mimi nimezaliwa Kitui, Baba Lynnette," Margret akamjibu. "Nimekuzwa na ndengu. Leo Mhindi anifundishe ndengu?"

"Hizi si ndengu. Ni dengu. Za manjano, zimekobolewa."

"Basi jipikie."

Mutua aliyachukua maneno hayo kama ruhusa. Jumamosi, Margret alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya, alishika njia ya soko la Kongowea na karatasi aliyoandikiwa na Hasmukh. Vitu vyote alivipata ila kimoja kiitwacho hingi. Alimweleza muuza viungo kwamba ni kitu kinachonuka vibaya sana.

"Ah! Wataka mvuje, mzee wangu. Mtoto amepagawa?"

"Hapana. Ni wa mchuzi."

Muuzaji alimtazama kwa huruma, akampa kibonge.

Mutua, mtu wa bara, hakujua kuwa Pwani watoto hufungwa mvuje ili kufukuza mashetani. Alijua karatasi tu, nayo ilisema atie kidogo; kidogo kiasi gani, haikusema. Dengu zilipoiva zikarojeka, alichemsha samli kwenye kikaango, akatia bizari nyembamba, saumu na pilipili kavu, kisha akatupia kibonge kizima.

Moshi ulijaa jikoni, ukatoka ukumbini, ukapita mlango hadi mlango. Jirani yao Jumwa, mama wa Kigiriama aliyepanga chumba cha pili, alikuwa akichambua mchicha. Alinusa mara moja tu, akauweka mchicha chini na kushika simu.

"Mama Lynnette, rudi nyumbani mbio! Mumeo anapunga pepo jikoni!"

Kwaya ikakatiza wimbo. Wanawake kumi, Margret miongoni mwao, walifika wakihema, shemasi Nyale akiwatangulia na Biblia kifuani. Wakamkuta Mutua machozi yakimtiririka kwa ukali wa pilipili, anapunga moshi kwa mfuniko wa sufuria, huku akinong'ona maneno ya kwenye karatasi ili asisahau.

"Toka!" Nyale akaamuru.

"Nitoke niende wapi, shemasi? Dengu zitaungua."

"Sisemi na wewe! Nasema na aliye ndani yako!"

"Ndani yangu mna njaa tu."

Nyale alifumbua kinywa akemee tena, akapiga chafya. Wa pili akapiga, wa tatu, mwisho maombi yote yakawa chafya na kikohozi. Mutua aliona samli inakaribia kuungua, akaimimina juu ya dengu. Chwaaa! Uvundo ule ukanywea, ikapanda harufu nyingine, ya saumu na bizari, tamu hata watu wakasogea karibu.

"Hiyo ni nini, mwenzangu?" Jumwa akauliza, shingo ameinyoosha juu ya sufuria.

Mutua akampakulia na wali aliokuwa ameupika kwanza. Jumwa akaonja, akaketi chini kabisa. Nyale alipoona hivyo alisema chakula kisiliwe bila kuombewa, akakiombea kwa maneno manne, akanyoosha sahani.

Margret alikula amesimama, mgongo amempa mumewe. "Chumvi haijakolea," alisema, kisha akajiongezea. Punde Mutua akamsikia akiwaambia wenziwe, kwa sauti ya mwenye mali, "Mimi ndiye niliyemwambia apike."

Mutua alichukua kipande cha ugali wa jana. Hakuwa amebakiziwa kitu. Akainamia sufuria kukwangua ukoko, akiwa na furaha kama bwana harusi.