Hodi Tatu za Mama

Kwetu Kibokoni mtu hupiga hodi mara tatu. Asipojibiwa, hurudi zake. Ndivyo tulivyofunzwa, na hakuna anayehoji. Lakini mimi ninayezunguka majumbani kwa kujitolea, nikiwaonyesha watu namna ya kuzungumza na ndugu zao wasiosikia vizuri, ada hiyo imekuwa ikinitia hofu. Ni heshima, najua. Je, aliye ndani kama hakuisikia hiyo hodi?

Mama alikuwa kitandani, akivuta pumzi kwa shida, na daktari alishatuambia tusitoke karibu naye. Hakulilia dawa. Alimlilia mdogo wake, khalati yangu anayekaa mtaa wa Kuze. Hawakuwa wamesemezana tangu mama alipokataa posa ya mwana wa khalati. Aliyeposwa ni mimi, basi fikiria nilivyokaa pale nikisikiliza.

"Nilikwenda kumwomba radhi kabla ya kwenda Hija," mama alisema. "Mlango u wazi, nikapiga hodi zangu tatu. Namwona amekaa, amenipa mgongo. Hakugeuka. Hataki kuniona, mwanangu. Nitakufa bila radhi yake."

Amempa mgongo! Khalati nilishamwona harusini akicheka baada ya wenzake kucheka, macho yamekwama midomoni mwa watu. Mimi mwenyewe sikio langu la kushoto lilikufa kwa homa utotoni, kwa hiyo ujanja huo naujua. Nilipomwambia akapimwe masikio, alinifokea: "Kiziwi ni mamako!" Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii kifo kilikuwa kikimjia mwingine.

Nikatoka mbio. Kila baraza niliyopita waliniuliza hali ya mama kwa sauti za chini, kama watu walio matangani. Jirani mmoja alikuwa ameshaanza kukung'uta mikeka yake uani, tayari kwa msiba. Lo, mwanamke yule hana haya! Nilitaka kumtukana, lakini nafasi ya kutukanana sikuwa nayo.

Kwa khalati sikupiga hodi. Niliingia moja kwa moja, nikazunguka mpaka mbele yake ili auone uso wangu. Alishtuka akataka kusimama.

"Waingia kwa mtu bila hodi? Hukufunzwa adabu wewe?"

Nilijitia kwenye mwanga wa dirisha, nikasema polepole, bila kupayuka. "Mama alikuja hapa kabla ya Hija. Alipiga hodi tatu. Ulikuwa umempa mgongo."

Alinitazama mdomoni. Nilimwona akiyapima maneno, kisha akashika kiti.

"Sikusikia," alisema. Miaka yote ile neno hilo halikuwahi kumtoka. "Wallahi, sikusikia. Mimi nikisema dada ameniona si mtu, amekwenda Makka hata kuniaga hakuniaga."

"Yuko katika hali mbaya, khalati. Twende."

Buibui alilivaa kinyume na sikumwambia. Tulipita vichochoroni tumeshikana mikono, yeye akiniuliza kila hatua, "Yu hai? Yu hai bado?" Nami kila mara ilinibidi nisimame, nimgeukie, ndipo nimjibu. Nilikasirika na kila kusimama kule.

Chumbani wanawake walikuwa wameshusha mapazia, wakisoma Yasini kwa mnong'ono. Mgonjwa apumzike, ndivyo wafanyavyo. Nikayafungua yote kwa fujo, na mmoja akaniambia nina wazimu. Basi niwe nao! Gizani khalati angeona nini?

Mama alifumbua macho. Alimwona mdogo wake, akamtambua, machozi yakamtiririka. Midomo ikacheza. Sikio langu zima lilikuwa upande wake, nikayapata maneno yote: alimwomba amsamehe. Khalati aliinama mpaka wakagusana, akangoja, kisha akainuka na kunigeukia.

"Asemaje?"

Mama alimwona akimpa kisogo. Niliuona uso wake ukibadilika, ya Rabi, niliuona.

"Akuomba radhi!" nilimwambia khalati. "Mjibu! Mjibu upesi!"

Aligeuka. Macho ya mama yalikuwa yameshafumba. Khalati alimshika kichwa, akamtia mdomo sikioni, akapiga ukelele kama wapigavyo wasiojisikia.

"Nimekusamehe, dada! Nimekusamehe! Nisamehe nami!"

Sauti ile ilifika mpaka chini barazani. Kama ilimfika mama, sijui mpaka leo.