Bingwa wa Herufi Sita

Kila Ijumaa, akitoka msikitini, mwenye boti anashuka ufukweni mwa mji wa Baraka na kopo la rangi nyekundu. Anachuchumaa, ulimi nje, anapaka upya jina la mkewe ubavuni mwa boti: SUMAYA. Bingwa wa herufi sita! Mbao zimeoza, kuku wanatagia ndani; kuziba nyufa, anasema, ni kazi ya kesho, na kesho yake ina miaka tisa. Leo Sumaya mwenyewe amepita na beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, za kuuza kichwani, shingo ikimuuma tangu alfajiri. Mume akamwita:

"Mama Yasini, ona vile jina yako iko inang'aa!"

"Futa," akasema bila kusimama. "Batu batazani ni mi niko naoza hapa."