Mlango wa Kigari Chekundu

Mtaa mzima ulimwita Mzee Gonga, na jina lenyewe alijitafutia. Alikuwa fundi bodi, mnyooshaji wa magari yaliyobondeka, na kila aliyetaka kununua gari kuukuu alilipitisha kwanza kwenye gereji yake ili mzee aligonge. Hakuhangaika kufungua boneti wala kuuliza limetembea kiasi gani. Alikunja kidole, akagonga mlango, akagonga madigadi, akatega sikio. Bati zima lilikuwa na sauti yake. Mahali palipozibwa kwa pati, ule uji mzito ambao mafundi huukandika kuficha mabonde kabla ya kupiga rangi, palitoa mlio wa kitu kilichoshiba.

"Usiangalie rangi," alimwambia mteja. "Rangi hata mimi napiga. Gonga, usikie."

Basi jina likamganda. Hata mkewe, akiwa na furaha, alimwita Mzee Gonga. Akiwa amekasirika alimwita mzee wangu, kwa heshima zote, na hapo ndipo mzee alipojua kwamba leo kuna jambo.

Halafu kiharusi kikamkuta. Kingemkuta chini ya gari, angalau angepata cha kusimulia. Kilimkuta bafuni, kichwa kimejaa povu la sabuni, akaokotwa na mkewe akiwa vile vile alivyozaliwa. Mdomo uliopinda ulirudi mahali pake kabla hajatoka hospitali. Mguu nao ulirudi, ingawa kwa kuburuta kidogo, kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Mkono wa kulia ndio uliogoma. Ulikuwepo, ulikuwa na joto, lakini ukiutuma vifungo vya shati unakuletea majibu ya kesho.

Dada wa mazoezi ya viungo alimwambia asiifikirie nyundo kwanza. "Vidole ndio uvipe kazi, mzee. Kazi ndogondogo. Kuchambua, kushika, kuunganisha."

Binti yao, anayefanya kazi mji mwingine, aliposikia hivyo akapata wazo. Baba yake alikuwa ameunga magari maisha yake yote, basi aunge tena, safari hii madogo. Akatuma kigari cha plastiki, vile vinavyokuja vipande vipande ndani ya boksi, na mwenyewe unaviunga kwa gundi mpaka kiwe gari.

Kumbe mzee naye alikuwa na hesabu zake. Jirani yake wa gereji, muuza matairi, mtu mwema asiye na makuu, alikuwa ameuliza kwa adabu kama angeweza kuichukua ile gereji, maana ilikuwa imefungwa na vumbi limeketi humo kama mpangaji. Mzee alikuwa hajamjibu. Boksi lilipofika alimwita mkewe akamwambia, "Mama, sikiliza. Nikiweza kukiunga hiki, gereji siitoi. Nikishindwa, Jumamosi nampa mtu wa matairi funguo, na vifaa vyote juu."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Alikuwa ameshika pini mdomoni, kwa hiyo hakujibu. Lakini pini zilitikisika.

Boksi lenyewe lilikuwa la kuvutia, msinichukulie vibaya. Lilikuwa linang'aa, maandishi ya dhahabu yamenyanyuka hata kipofu angeyasoma kwa kidole, na juu yake gari jekundu limepigwa picha likiwa kasi, matairi yanatoa moshi. Mzee alilisifu. Alilizungushazungusha mezani. Akalifungua kwa mkono wa kushoto, na ndani akakuta mfuko mmoja tu, mwembamba, vitu vyote vimemwagwa humo pamoja: milango, viti, bampa, vioo, hata matairi. Vipande vilipaswa kuwa vimeshikana na fremu zake za plastiki, kila kimoja na namba yake, lakini nusu vilikuwa vimeshachomoka vikakwaruzana njia nzima. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na picha ndogo za kutafuta kwa tochi.

Hapo sasa mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akiwaambia watu wasiangalie rangi, hakugonga kitu. Hakukigeuza kipande hata kimoja. Alimwangalia yule mgonjwa wake wa pekee, mkono wa kulia, akaanza kazi.

Alikata vipande kwa kikata kucha. Vidole vilitetemeka, vikaangusha, vikaokota. Chesisi ilikaa. Viti vilikaa, ingawa kimoja kilitazama dirishani. Alifika kwenye mlango wa dereva, na mlango ukakataa. Aliuingiza kwa juu, ukatoka kwa chini. Aliusukuma chini, ukaruka mpaka kwenye sufuria ya maji. Asubuhi mlango, jioni mlango. Mkewe, nyuma ya cherehani yake, alikuwa akisikia kidude kikianguka mezani, kisha pumzi, kisha kidude tena. Alijizuia asiinuke. Anamjua mumewe, ukimsaidia kabla hajaomba umemtukana.

Ijumaa ya wiki ile mzee alivirudisha vipande kwenye boksi la dhahabu, akalifunika.

"Mkono umekufa," alisema. Hakusema kwa hasira. "Mtu wa matairi akipita, mwambie kesho aje."

Mkewe alizima cherehani. Alikuja akaketi mbele yake, akalifunua boksi bila kuomba ruhusa, akatoa mlango na bodi. Hakusema pole. Alichukua kipande cha karatasi anayokatia paternu, vile vielelezo vya kupimia nguo, akakibandika juu ya lile tundu la mlango, akapitisha ukucha pembeni mpaka umbo likatokea, akakata kwa mkasi. Halafu akaulaza mlango juu ya ile karatasi. Mlango ulizidi mbele na ulizidi chini. Akachukua wa upande wa pili, akafanya vile vile. Huo ulipungua.

"Mzee wangu," alisema, na mzee akajua kwamba leo kuna jambo. "Mimi nikikatiwa mkono wa shati namna hii, nikaambiwa niushone kwenye bega hili, nitashona mpaka nizeeke. Haya mambo hayakukatwa na mtu mmoja. Hata mimi na mikono yangu yote miwili mlango huu siuingizi."

"Unanipa moyo tu."

"Wewe si ndiye Mzee Gonga? Haya, gonga."

Akakichukua kigari kwa shingo upande. Akakigeuza kuelekea dirishani, na macho ya fundi, ambayo yalikuwa likizo tangu kiharusi, yakarudi kazini. Paa lilikuwa limepinda, linaonekana kabisa. Kila ukingo ulikuwa na ndevu, yale mabaki membamba ya plastiki iliyovuja kwenye kalibu ilipomiminwa. Bampa ilipigwa rangi ya kung'aa juu ya mabonde. Aliligonga paa kwa ukucha wa kushoto, likalia kama ganda la yai. Mteja angemletea gari la hivi, angemwambia alirudishe lilikotoka bila hata kuzima injini.

"Boksi limetupaka mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema.

"Limekupaka wewe. Mimi sikuwa nimeliangalia."

Wangeweza kucheka, na karibu wacheke. Lakini mzee alikuwa mkweli kuliko alivyotaka kuwa. Kigari kuwa kibovu, alisema, hakuuthibitishi mkono kuwa mzima. Inawezekana vyote viwili vimekufa. Mkewe akasema tu, "Basi mtu wa matairi aje Jumamosi ya wiki nyingine. Akiuliza, mwambie nimekukataza." Na kesho yake asubuhi akajifunga kitambaa kichwani akatoka.

Alikokwenda, mzee alikuja kusimuliwa baadaye. Alikwenda kwenye duka la vichezeo na vifaa vya shule analopelekea sare. Mwenye duka alimpangia maboksi ya vigari juu ya kaunta, yote yanameremeta. Akaomba kuona ndani. Mwenye duka akasema boksi likishafunguliwa halina mnunuzi. Yeye akasema kitambaa hanunui bila kukishika, hata kikifungwa kwa utepe. Wakabishana kwa heshima, mpaka macho ya mama yakaangukia chini, kwenye boksi la kahawia lililotumika kuinulia feni. Pembe moja ilikuwa imebonyea. Halikuwa na picha, mchoro tu wa gari kwa wino mweusi.

"Hilo? Hilo halina mvuto, mama. Limekaa hapo hadi nimelizoea."

"Nifungulie hilo hilo."

Feni ikashushwa. Ndani, kila fremu ilikuwa na mfuko wake. Vioo vilifungwa peke yao kwa karatasi laini visikwaruzwe. Matairi yalikuwa ya mpira kweli, yananukia. Alishika plastiki kati ya vidole viwili kama anavyoshika kitambaa: nzito, imetulia, ukingo safi bila ndevu. Hakuukata mlango kutoka kwenye fremu yake. Aliulaza vile vile juu ya tundu la bodi, akachungulia kwenye mwanga, na mwanga haukupita. Akalinunua, akatembea nalo nyumbani amelikumbatia.

Mzee alipoliona boksi alisema limetoka jalalani. Alipolifungua alivuta kiti karibu na meza.

Safari hii hakukimbilia mkono. Alipanga fremu zote mezani, akazigeuza moja moja, akagonga. Akasema, kana kwamba anamwambia mteja, "Hii ndiyo bodi." Kisha akaanza. Sitawadanganya kwamba vidole viliamka siku moja. Viliangusha kama mwanzo. Tofauti ni kwamba kipande kilichoangushwa, kikiokotwa, kilikuwa na mahali pa kwenda. Kiti kilipofika mahali pake kilikaa, na vidole vikajua vimefanya nini. Kesho yake vikafanya tena kwa haraka kidogo. Usukani ulimtoa jasho mchana mzima. Mkewe alishona sare zake, na kila kidude kilipoanguka mguu wake ulisimama juu ya pedali, ukangoja, kisha ukaendelea.

Ijumaa, jua likiwa bado dirishani, alifika kwenye mlango wa dereva. Aliushika kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia. Alivuta pumzi akausogeza. Ukaingia kwa juu, ukaingia kwa chini, ukatoa mlio mdogo, tik, ukatulia.

Mzee aliufungua kwa ukucha, akaufunga. Akaufungua, akaufunga. Ndipo alipotambua kwamba cherehani haijalia kwa muda mrefu. Aligeuka. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, fulana ya mtoto wa shule mkononi, na machozi yanamtiririka bila hata kuyafuta. Mzee naye akalia. Walilia kama watu wazima wanavyolia wakijua hakuna anayetazama, kisha wakanywa chai.

Jumamosi mtu wa matairi alikuja, amevaa shati la heshima. Mzee alimwekea mbele yake kigari cha kijivu, kile cha boksi la kahawia, akamwambia afungue mlango. Akaufungua, akaufunga, akaelewa.

"Afadhali, mzee," alisema. "Ile gereji nilikuwa naiomba roho inaniuma. Nyundo kubwa nitakupigia mimi. Wewe gonga, sikiliza, uniambie wapi."

Jumatatu wakaifungua gereji. Kazi ya kwanza ya Mzee Gonga haikuwa gari la mtu. Alikichukua kile kigari chekundu cha boksi la dhahabu, akakibana kwenye jiliwa, akaanza kukinyoa ndevu kwa msasa. Mlango uliozidi aliusugua. Uliopungua aliuongezea pati kwa ncha ya kijiti, kwa mkono wa kulia, taratibu, akingoja ikauke kwa uvumilivu ambao zamani hakuwa nao. Alikuwa anashukuru, na alijua anamshukuru nani. Alimshukuru binti yake pia, hata kwa lile boksi la uongo. Bila boksi lile asingejua alivyokuwa tayari kujizika.

Mkewe akamletea chai, akaketi juu ya tairi.

"Mama," mzee alisema bila kuinua macho. "Nimekuwa nikiwaza. Lile la kahawia, mlango nao ungekataa, ungefanyaje?"

Mkewe alipuliza chai. "Ningekwambia nalo ni bovu."

"Na la tatu?"

"Nalo bovu."

"Ungekuwa unanidanganya."

"Ndiyo. Mji huu una maduka mengi, mzee wangu. Ningeyamaliza yote kwanza."

Msasa ulisimama. Kati yao wawili hawakuwa na mazoea ya kuambiana ahsante. Chai ililetwa, ikanywewa, kikombe kikarudi. Lakini siku hiyo Mzee Gonga alikiweka chini kile kigari, akamwangalia mkewe usoni, akasema, "Ahsante." Mkewe akaitikia kwa kichwa, akaendelea na chai yake.

Milango yote miwili ya kigari chekundu ilifungika jioni ile. Mkewe alikipeleka nyumbani, akakiweka juu ya meza ya cherehani, karibu na pini. Kisha akakunja kidole akaugonga ule mlango uliopungua, akasikia pati.

"Huu umejazwa," alisema, na akakiacha hapo hapo.