Rigobert na Betri za Omary

Rigobert alijifunza umeme Uvira, Kongo, kwa mjomba wake aliyekuwa akitengeneza redio. Alipokimbia vita na kuingia Tanzania hakubeba kitu cha maana zaidi ya ufundi huo. Kambini Nyarugusu alianza kuchaji simu za majirani kwa paneli moja ndogo ya sola iliyopasuka kioo pembeni. Mkewe, Consolée, aliuza dagaa mbele ya nyumba yao ya udongo. Maisha yalikuwa ya kubanana, lakini sufuria haikukaa tupu.

Mwaka 2012 watu wa Kasulu na Kibondo walikuwa wameshaiamini sola. Kila kinyozi, kila mwenye duka la soda, hata mwalimu aliyejenga nyumba yake ya bati, aliitaka. Omary alikuwa na duka mjini Kasulu, akaanza kuleta paneli na betri kutoka Dar es Salaam. Kuuza alijua, tena sana. Kufunga hakujua, na mafundi aliowachukua hawakuwa na habari na jua. Walipigilia paneli popote penye nafasi, mteja akafurahi mchana, jioni akakaa gizani na kuja dukani kutukana. Ndipo mtu wa sokoni alipomwambia Omary kwamba kambini kuna Mkongo anayeijua kazi hiyo.

Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Omary hakutafuta kibali. Alimtuma dereva wake, Abbasi, na pikapu, akamchukua Rigobert alfajiri nyuma ya mashamba, kama mtu anayechukua mkaa wa magendo.

Kazi yenyewe Rigobert aliipenda. Alifunga sola Titye, akafunga Busunzu kule Kibondo, na kila nyumba alimwita mwenye nyumba akamweleza.

"Paneli haiweki kitu, inaleta tu. Anayeweka ni betri. Katikati yao anakaa huyu, kontrola. Huyu ni mlango. Betri ikishiba, anafunga. Betri ikikaribia kuisha, anazuia taa zisiinyonye mpaka ife. Ukimwondoa huyu, betri itaendelea kulishwa ikiwa imeshiba. Itachemka, itatoa gesi, na gesi hiyo ikikutana na cheche, hakuna wa kusimulia."

Halafu alipanda juu ya bati, akaigeuza paneli ielekee kaskazini, akailaza kidogo, akaomba mgomba ukatwe kama kivuli chake kiliigusa hata kona moja.

Omary alikuwa na mzaha wake. Rigobert akiwa juu ya paa, yeye chini alipaza sauti ghafla: "Polisi hao! Polisi!" Rigobert alijibwaga kifudifudi juu ya bati, na watu wakacheka. Abbasi naye alicheka. Omary aliurudia mzaha huo kila mara, kwa sababu kila mara ulifanya kazi.

Kiangazi cha mwaka 2013 walikuwa nje kidogo ya Kabanga, kwenye nyumba ndefu ya mteja mmoja tajiri. Rigobert alikuwa ameshika paneli kwa mikono miwili, akiishusha kwenye fremu.

"Polisi!" Omary akapiga kelele.

Rigobert hakuwa na mkono wa kujishikia. Aliteleza na paneli yake mpaka ukingoni, akaangukia kwenye rundo la matofali. Mfupa wa paja ulichomoza nje ya suruali. Watu walikuwa wameshaanza kucheka, wakanyamaza mmoja mmoja.

"Patron, hospitali," Rigobert alimwambia bosi wake. "Hospitali ni hapo tu. Nakuomba."

Hospitali ya misheni ilikuwa karibu, hata kwa miguu mtu angefika. Omary aliinama, kwanza akaitazama paneli kama imevunjika, kisha akamwambia Abbasi wampandishe garini. Lakini gari halikuelekea hospitalini.

"Wataniuliza nimemtoa wapi," alisema Omary. "Niseme nini?"

Walimshusha Makere, kwenye njia ya kwenda kambini, wakamlaza kwenye majani. Abbasi alitaka kumwachia maji. "Twende," Omary akamwambia. Wanawake waliokuwa wakitoka kutafuta kuni ndio waliomkuta, wakamfunga kwenye kanga, wakamburuta mpaka kambini.

Mguu uliunga vibaya. Ulibaki mfupi, umepinda nje kama mpini wa jembe uliokauka vibaya. Rigobert hakupanda paa tena. Omary hakutuma mtu kuulizia hata hali yake.

Mwaka uliofuata, Abbasi alitokea kambini akiwa amevua kofia. Omary alikuwa amejenga nyumba nyuma ya duka na kufunga sola kubwa ya friza la soda. Sasa inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uendeshe friza, ilikuwa ikipiga kelele bila kukoma. Alimtaka Rigobert.

"Usiende, Papa Destin," Consolée alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Mtu aliyekutupa kama mzoga, unamwendea na mguu gani?"

"Nataka kumwona," Rigobert akajibu.

Omary alimpokea kana kwamba waliagana jana. "Mkongo! Bado unachechemea?" Akamwonyesha stoo, akarudi dukani kwa wateja.

Stoo haikuwa na dirisha. Omary aliliziba kwa matofali akihofia wezi. Betri nne kubwa zilipangwa ndani ya kabati la mbao, juu yake soketi na waya za friza zilizolegea. Kontrola ilikuwa imeungua, na mtu fulani, kwa kuokoa kazi, alikuwa ameziunga waya za paneli moja kwa moja kwenye betri. Rigobert aliweka kiganja juu ya betri ya kwanza akakiondoa upesi. Ilikuwa ya moto, na ndani yake maji yalikuwa yakichemka, akiyasikia.

Alielewa yote kabla hajakaa chini.

Mke wa Omary, Firdausi, alimletea chai na chapati, akamwekea kigoda ili asihangaike na mguu.

"Nilisikia habari yako siku nyingi zilizopita," alisema kwa sauti ya chini. "Nililia, kaka yangu. Sikuwa na la kufanya." Kisha akakunja pua. "Fundi, humu mnanuka kama mayai viza. Ni kawaida?"

Rigobert alimtazama. Kutoka dukani ilisikika sauti ya Omary akimsimulia mteja, akiiga jinsi Mkongo alivyokuwa akilala juu ya bati. Mteja alicheka mpaka akakohoa.

"Ni kawaida, mama," Rigobert akasema. "Betri ikiwa inakula, inatoa harufu."

Akakaza skrubu moja ya inveta, ikanyamaza. Akanywa chai yote. Alipofika nyumbani alimwambia Consolée: "Kitu kile kitapasuka." Consolée alikuwa akichambua maharage. Hakuacha kuchambua.

Kilipasuka kabla mvua hazijaanza. Omary alikuwa safarini Kigoma. Friza lilizima mchana, Firdausi akaingia stoo, akafungua kabati, akatikisa waya kama alivyomwona mumewe akifanya. Cheche moja ilitosha. Majirani walisikia mlio, wakamkuta amepiga magoti akijishika uso, na tindikali ikitiririka mpaka kifuani. Pale hospitali ya misheni Kabanga waliokoa maisha yake. Macho hayakuokoka hata moja.

Omary alijenga stoo mpya yenye madirisha mawili. Baada ya miezi michache alioa mke mwingine, na Firdausi akahamishiwa chumba cha uani.

Mwaka 2015, Warundi walipoingia Nyarugusu kwa maelfu na kambi ikajaa mahema, Abbasi alikuja tena. Alikuwa ameacha kazi kwa Omary, lakini alikuwa ametumwa.

"Ni mama Firdausi," alisema, akisimama mlangoni bila kukaa. "Anasema nikuulize jambo moja tu. Siku ile alipokuuliza kuhusu harufu, ulijua?"

Rigobert alikuwa akifunga taa ndogo kwa ajili ya jirani mpya. Aliiweka chini.

"Mwambie sikujua."

"Anasema ukweli hautambadilishia kitu. Anataka tu kulala."

"Nimesema sikujua."

Abbasi alimgeukia Consolée, labda akitafuta jibu jingine usoni mwake. Consolée alimtazama bila kupepesa.

"Umemsikia," alisema. "Mume wangu ni fundi wa juu ya bati. Mambo ya ndani ya nyumba za watu hayajui."

Abbasi akainama, akatoka katikati ya mahema. Consolée aliufunga mlango nyuma yake.